Namna ya kuipima injini ya petroli kabla hujalipia gari la familia lililotumika

Gari likishafika kwa dalali huwa limeoshwa, limepigwa polishi, na hata injini imepuliziwa dawa ya kung'arisha. Hayo yote hayakwambii kitu. Wateja wengi huja kwangu gereji wakiwa wameshalipa, na mara nyingi ugonjwa ninaoukuta ungeonekana mapema kama mtu angejua pa kutazama. Ndiyo maana naandika hatua hizi.

Hatua ya 1: Jua ni injini gani

Hili lifanye ukiwa bado nyumbani. Watu husema "chukua Toyota, haifi", lakini kinachodumu au kufa ni injini iliyomo. Chukua Premio ya kuanzia mwishoni mwa 2001 hadi 2007. Bodi ni lile lile, injini ni tatu: 1NZ-FE ya cc 1500, 1ZZ-FE ya cc 1800 na 1AZ-FSE ya cc 2000. Mwombe muuzaji picha ya kadi ya gari, usome namba ya chesisi. Ikianza na NZT ni 1NZ, ZZT ni 1ZZ, AZT ni 1AZ.

1NZ ndiyo ninayowashauri watu wa familia bila kusita: inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, vipuri vyake viko kila duka, na mafundi wengi wanaijua. 1ZZ si mbaya, ila matoleo yake ya mwanzo yalikuwa na pistoni zenye matundu madogo ya kurudisha oili. Matundu yakiziba, ringi za pistoni zinaganda na injini inaanza kula oili. Kwa hiyo 1ZZ ipime sana kwenye moshi na kiwango cha oili.

1AZ-FSE ni D-4, yaani petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Faida ipo kwenye mafuta, lakini petroli haipiti tena juu ya valvu za kuingizia hewa, hivyo haizisafishi, na masizi yanajijenga hapo. Baada ya muda sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inacheza na gari linazimika kwenye foleni. Pampu yake ya presha kubwa nayo ni ghali. Noah nyingi zilizofuata zile za injini ya 3S zina injini hii hii, na injini ya GDI ya Mitsubishi ina tabia hiyo hiyo. Kama fundi wako hajawahi kuifungua D-4, tafuta gari lingine.

Hatua ya 2: Ikute injini ikiwa ya baridi

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Ukifika, fungua boneti na shika mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa wa moto au vuguvugu, gari limeshawashwa. Ondoka kwa adabu, rudi kesho asubuhi. Injini ikishapata moto huficha moshi, kelele za cheni na misi (silinda kukosa kuwaka) za mwanzoni.

Hatua ya 3: Oili na maji

Chomoa dipstiki. Oili mpya safi isikufurahishe sana, huenda imebadilishwa jana, na wapo wanaoweka nzito kupita kiasi ili kupunguza moshi na kelele. Kwa hiyo fungua mfuniko wa kujazia oili na utazame chini yake, halafu mulika ndani kwa tochi ya simu. Chuma kikiwa na rangi ya kahawia ya kung'aa, oili ilikuwa ikibadilishwa kwa wakati. Tope jeusi lililoganda halisafishiki kwa kubadilisha oili mara moja, na hapo ndipo historia ya gari ilipo. Ukiona utando wenye rangi ya chai ya maziwa, shuku gasketi ya silinda hedi, hasa kama na dipstiki ina rangi hiyo.

Injini ikiwa bado ya baridi, fungua mfuniko wa rejeta. Tafuta kulanti (maji maalumu ya kupoozea injini) yenye rangi yake. Maji ya kutu maana yake walikuwa wanajaza ya bomba. Oili ikielea juu ya maji, funga boneti na uage.

Hatua ya 4: Washa

Zungusha ufunguo bila kuwasha kwanza: taa ya cheki injini lazima iwake, kisha izimike injini ikiwaka. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameikata makusudi.

Mwombe mwenzako awashe, wewe simama nyuma ya bomba la moshi. Mvuke mweupe wa asubuhi unaopotea si tatizo. Moshi wa bluu unaotoka pindi tu gari linapowaka kisha ukakatika, mara nyingi ni sili za valvu. Ukitoka kila unapokanyaga mafuta, ni ringi. Mweupe mzito usiokwisha, injini inachoma maji.

Hatua ya 5: Endesha

Nusu saa, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, upite kwenye foleni na mlima. Mshale wa joto upande hadi karibu na katikati na ubaki hapo. Ukishuka kila unapokimbia barabara kuu, huenda themostati (valvu inayodhibiti joto la maji ya injini) imetolewa, na swali la kumuuliza muuzaji ni kwa nini gari lilikuwa linachemsha. Zima, subiri kidogo, washa tena uone kama linawaka vizuri likiwa la moto.

Hatua ya 6: Fundi wako, si wake

Atoe plagi zote na apime kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda), mafuta yakikanyagwa hadi chini. Silinda zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, pana kazi. Plagi, koili au gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) inayovuja ni vya kupunguziana bei. Maji yaliyochanganyika na oili, moshi wa bluu wa kudumu au kugonga kunakotoka chini ya injini si vya kujadiliana.