Kituo cha Barking, London: ijue reli yako kabla ya kugusa kadi

Ndugu zetu wengi wanaoanza maisha mashariki mwa London hufikia Barking, Dagenham au maeneo ya jirani, na kituo cha Barking ndicho kinachowatoa na kuwarudisha kila siku. Kipo kanda ya 4 ya nauli. Humo ndani zinakutana huduma nne za treni: c2c ya kwenda Essex, District na Hammersmith & City za chini ya ardhi, na Overground ya juu ya ardhi. Karibu kila anayepotea hapa, au anayekatwa nauli kubwa bila kuelewa, amezichanganya hizo nne.

Mchanganyiko wenyewe una historia yake. Kituo kilifunguliwa tarehe 13 Aprili 1854 na reli ya London, Tilbury na Southend, na njia hiyo ndiyo inayotumiwa leo na c2c kutoka Fenchurch Street. District ilifika 1902. Mwaka 1936 zikaongezwa treni za njia ambayo sasa inaitwa Hammersmith & City. Ukumbi wa tiketi wa zege na vioo, wenye paa lililochomoza juu ya barabara, ni wa 1961, na tangu 1995 umo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa kisheria. Overground ilirefushwa hadi Barking Riverside Julai 2022, kisha 2024 ikapewa jina la Suffragette. Jina hilo lina mzizi hapahapa: Annie Huggett, aliyepigania wanawake wapate kura, aliishi Barking na alifariki akiwa na umri wa miaka 103.

Mtego mkubwa ni Dagenham. Ukiambiwa "shuka Dagenham", uliza ipi. Dagenham Heathway na Dagenham East ziko kwenye District. Dagenham Dock iko kwenye c2c, njia ya Grays kupitia Rainham. Ni vituo vilivyo mbali kwa mguu, hasa usiku na mizigo. Aliyeelekezwa Upney au Becontree naye asipande c2c: treni hiyo hutoka Barking na kuvipita vituo hivyo vyote hadi Upminster. Upande wa mjini hali ni hiyo hiyo. East Ham, Upton Park na Plaistow husimama District na Hammersmith & City tu, ilhali c2c huenda moja kwa moja West Ham. Grays nayo ina njia mbili, ya Rainham na ya Upminster, kwa hiyo soma orodha ya vituo kwenye ubao, usitosheke na jina la mwisho.

Kwa shughuli za ubalozi Barking ni pazuri kuliko watu wanavyodhani. Mkenya anayekwenda Portland Place apande Hammersmith & City hadi Great Portland Street, habadilishi treni, kisha atembee kidogo. Treni hiyo huanzia Barking, hivyo kiti hupatikana hata asubuhi. Mtanzania anayekwenda Stratford Place ashuke West Ham, achukue treni ya Jubilee hadi Bond Street. Mganda anayekwenda Trafalgar Square apande District hadi Embankment, amalizie kwa miguu.

Uwanja wa Heathrow una njia mbili. Ukiwa na masanduku mazito, panda Hammersmith & City hadi Whitechapel, teremka kwa lifti uchukue treni ya Elizabeth; ni ya haraka lakini nauli yake iko juu. Anayebana matumizi aende na District hadi Barons Court au Hammersmith, avuke jukwaa lile lile kuingia treni ya Piccadilly. Ni safari ndefu, ila pesa inabaki mfukoni.

Sasa nauli. Gusa kadi, iwe ya benki au Oyster (kadi ya nauli ya London), unapoingia na unapotoka, hata geti likiwa wazi. Ukisahau upande mmoja, mfumo haujui ulikotoka au ulikoishia, nao hukukata nauli ya juu kabisa. Ingia kwenye akaunti yako ya TfL (shirika la usafiri la London) uombe kurejeshewa. Ukibadilisha treni ndani ya Barking usiguse tena. Kadi ya benki na kadi hiyo hiyo iliyo ndani ya simu huhesabiwa kuwa mbili, kwa hiyo chagua moja uishi nayo, la sivyo kikomo cha siku, yaani kiasi cha juu unachoweza kukatwa kwa siku moja, hakitakusaidia. Kila mtu awe na kadi yake. Nauli hupanda Jumatatu hadi Ijumaa, saa 12 na nusu hadi saa 3 na nusu asubuhi, na saa 10 alasiri hadi saa 1 usiku.

Unakwenda Willesden Junction kwa Overground? Badilisha Gospel Oak na uguse kadi kwenye mashine ya rangi ya waridi iliyopo hapo. Ndiyo inayothibitisha kwamba hukupita kanda ya 1, ambayo ni ghali. Kwa c2c, Oyster inaishia Grays. Anayekwenda Southend kwa Oyster pekee atakwama, bora anunue tiketi kabla ya kupanda.

Mpwa wa miaka 11 hadi 15 aliyekuja kutembea asilipe nauli ya mtu mzima. Mwombe mfanyakazi wa kituo cha treni za chini ya ardhi aweke punguzo la mgeni kijana kwenye Oyster yake. Hudumu siku 14. Treni ya District ikichelewa dakika 15 au zaidi, au Overground dakika 30, dai fidia ndani ya siku 28.

Jumamosi na Jumapili reli hufungwa mara kwa mara kwa matengenezo, kwa hiyo angalia programu ya TfL Go kabla ya kutoka nyumbani. District haikeshi hata wikendi. Ukimaliza zamu usiku wa manane mjini, basi la N15 ndilo litakalokufikisha Barking.