Kitabu cha mapishi ya vegani: namna ya kukipima kabla hujakikabidhi jikoni

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeshika kitabu cha mapishi yasiyo na nyama, samaki, maziwa, mayai wala asali, na anataka kujua kama kitamlisha yeye na watu wake siku za kazi. Siku za wageni ni habari nyingine. Nimeuandika baada ya kumsaidia shemeji yangu wa Kayole, aliyeamua kula mimea tupu na kuletewa vitabu kutoka ng'ambo. Vilikuwa vizuri kutazama, lakini kila jioni alirudia sukuma na ugali kwa sababu hakujua aanzie wapi.

Jambo moja liwe wazi kabla hatujaanza. Hapa Nairobi hatuanzii sufuri. Githeri bila nyama, mukimo, ndengu kwa chapati zilizokandwa kwa maji na mafuta, mbaazi za nazi, bhajia za viazi, nduma na chai ya rangi asubuhi: vyote hivyo ni mimea tupu na tumevila tangu utotoni. Kwa hiyo kitabu hakishindani na nyama. Kinashindana na ndengu ya mama yako. Kama hakikuongezei ujuzi juu ya huo ulio nao, hakina kazi jikoni kwako hata kama kimeuzwa nakala ngapi duniani.

Hatua ya 1: Fungua faharasa, achana na picha

Tafuta maharagwe, kamande, dengu, viazi, kabichi, malenge, mchicha, karanga na nazi. Kila kimoja kikiwa na kurasa kadhaa, endelea. Ukikuta orodha ndefu ya "nyama" na "jibini" za kuigiza huku kabichi ikitajwa mara moja tu, kirudishe. Sina ugomvi na anayetamani soseji ya soya, lakini kujifunza kuigiza nyama si kujifunza kupika mboga, na cha pili ndicho utakachohitaji kila siku.

Hatua ya 2: Mapishi kumi na penseli

Fungua kurasa kumi popote pale, usichague unazozipenda. Katika kila pishi, pitia mahitaji moja moja na uweke alama. M ni kitu kilicho kwa mama mboga au duka la mtaani: nyanya, kitunguu, hoho, dania, tangawizi, viazi, spinachi, minji, avokado, ndimu, mchele, unga. S ni kitu cha kukifuatia mbali kidogo lakini kinachokaa kabatini muda mrefu: kamande, unga wa dengu, bizari na viungo vya Ngara au Parklands, simsim, nafaka za Marikiti au Gikomba. X ni kile utakachokipata supamaketi kubwa chache tu, kwa bei ya kukufanya usite.

Pishi la kila siku linaruhusiwa S nyingi upendavyo, kwa maana hizo unanunua mara moja kwa mwezi. X haziruhusiwi, isipokuwa mwandishi mwenyewe ameandika kinachoweza kukaa mahali pake. Mapishi sita kati ya kumi yakipita, kitabu kinafaa kuendelea kupimwa.

Usiwe mwepesi wa kuandika X, lakini. Wazungu wakiandika "kale" (jina lao la Kiingereza) wanasema majani ya ukoo mmoja kabisa na sukuma wiki. Tofauti ni kwamba sukuma yetu mara nyingi imekomaa zaidi, kwa hiyo ikate nyembamba kama ulivyozoea, na saladi ya majani mabichi uisugue kwa chumvi na ndimu mpaka ilegee. Tahini ni simsim iliyosagwa, na blenda yako inaweza kuisaga ukiikaanga kidogo na kuongeza mafuta. Maji matamu ya mti wa maple yanaweza kubadilishwa na sukari nguru iliyoyeyushwa.

Kinachokiua kitabu ni X ileile inayojirudia. Hamira ya lishe, ile ya unga wa manjano yenye ladha kama ya jibini, ikitokea katika nusu ya mapishi, kitabu kizima kimeegemea kitu ambacho huna. Vivyo hivyo korosho mbichi za kulowekwa na kusagwa ziwe krimu. Ukiiona krimu ya korosho kila ukurasa wa tatu, piga hesabu ya mwezi mzima kabla ya kulipa.

Hatua ya 3: Vipimo na vyombo

Gramu na mililita ndizo bora, na mimi hupendelea kitabu cha gramu hata kikiwa na mapishi machache. Kikombe cha Marekani ni karibu mililita 240, kikombe chako cha chai ni kikombe chako cha chai. Digrii 350 za Fahrenheit ni karibu 177 za Selsiasi. Hesabu pia mapishi yanayohitaji oveni. Kama unapikia meko ya kilo 6, hayo yaondoe kwenye hesabu yote.

Hatua ya 4: Pishi la maharagwe

Hapa usiwe na haraka. Vitabu vingi vyenye sifa njema hukwama hapa, na hapa ndipo jioni ya shemeji yangu ilipoishia: kitabu kilisema dakika arobaini na tano, watoto wakalala kwa mkate, na saa nne usiku maharagwe bado yalikuwa yanalia chini ya jino.

Kwanza, tazama mwandishi anaanza na nini. Vitabu vya Marekani na Uingereza mara nyingi huanza kwa kufungua kopo. Kopo la gramu 400 likichujwa maji hubaki na takriban gramu 240 za maharagwe yaliyoiva, na hizo zinatoka katika kama gramu 100 za maharagwe makavu. Kwa hiyo "chakula cha dakika 25" ni dakika 25 baada ya mtu mwingine kiwandani kumaliza kazi ya saa nyingi. Hilo si kosa la mwandishi mradi awe ameweka ukurasa wa kuchemsha makavu, na awe ameonyesha kiasi cha makavu kinacholingana na kopo. Ukurasa huo usipokuwepo, kitabu hicho kimeandikiwa jiko lisilo lako. Angalia pia anapodai kopo moja linatosha watu wanne. Kwenye meza yenye ugali na vijana wawili, hilo ni la watu wawili.

Pili, muda. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 300 hivi, maji huchemka kwa joto pungufu kwa takriban digrii moja. Mombasa maji yanachemka kwa digrii 100. Hapa yanachemka kwa kama 94. Ukiongeza moto hayapandi zaidi ya hapo, unachoma gesi na kukausha sufuria. Maharagwe hulainika polepole zaidi katika joto hilo, kwa hiyo dakika zozote zilizoandikwa na mtu wa pwani au wa London ni pungufu kwetu. Ndiyo sababu nathamini mwandishi anayeandika dalili kuliko anayeandika dakika: "mpaka punje ibonyee kati ya vidole viwili bila kiini kigumu." Dalili hiyo ni kweli Kisumu, Limuru na Lamu.

Tatu, mpangilio wa kutia vitu. Nyanya, ndimu, ukwaju na siki vina asidi, na asidi huzuia maharagwe kulainika. Pishi linalokuambia utie maharagwe makavu yaliyolowekwa pamoja na nyanya tangu mwanzo limeandikwa na mtu ambaye hakulijaribu, au alilijaribu na kopo kisha akabadilisha neno. Hiyo ni alama mbaya kubwa, na ukiikuta mara mbili nakushauri usiendelee na kitabu hicho. Chumvi, kwa upande mwingine, haina hatia inayosingiziwa. Kuloweka usiku kucha katika maji yenye chumvi kidogo hulainisha ngozi ya punje.

Nne, umri. Maharagwe yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu hugeuka magumu yasiyosikia moto. Muulize muuzaji kama ni ya msimu huu, na uchukue kidogo ujaribu kabla hujachukua gorogoro nzima. Yakikugomea, wengi watakuambia utie magadi. Yanalainisha kweli, ila huharibu vitamini B1 na yakizidi chakula kinaonja sabuni. Mimi siyatii.

Tano, usalama. Maharagwe mekundu yakiwa mabichi yana sumu ya asili inayoumiza tumbo vibaya. Inaharibiwa kwa kuchemka kwa nguvu, angalau dakika 10. Mimi kwa sababu ya mwinuko wetu huyaacha nusu saa yakitokota hasa, baada ya kumwaga maji ya kulowekea. Kitabu kinachokuambia uyatie makavu moja kwa moja kwenye chungu cha umeme cha moto mdogo, bila kuyachemsha kwanza, usikiamini kwa jambo lingine lolote.

Dawa ya yote haya ni presha kuka. Ndani yake joto hupita digrii 110 hata hapa kwetu, na maharagwe ya Nyayo yaliyolowekwa huiva kwa chini ya nusu saa tangu filimbi ilie. Njahi huchukua zaidi. Kama una fedha za kitu kimoja tu, kati ya kitabu cha pili na presha kuka, nunua presha kuka. Itajilipa kwa gesi.

Na usipokuwa nayo, kuna njia ambayo hakuna kitabu cha ng'ambo kitakuambia: maharagwe na githeri vilivyochemshwa, vinavyouzwa kwa kipimo vibandani jioni karibu kila mtaa. Hilo ndilo kopo letu. Yanunue yasiyotiwa viungo, yaoshe, yapashe mpaka yachemke, kisha fuata pishi la kitabu kuanzia pale linaposema "fungua kopo." Muulize mama kama ametia magadi. Tangu shemeji aanze kufanya hivi, mapishi ya dakika 25 yamekuwa ya dakika 25.

Hatua ya 5: Maziwa na mayai

Mboga zetu nyingi za kienyeji, managu na terere hasa, zimezoea kumaliziwa kwa maziwa au krimu. Kitabu kizuri kinakufundisha kanuni, si pishi moja tu: kwamba kinachotakiwa ni mafuta na uzito wa kufunika uchungu. Ukishaijua, karanga zilizosagwa au tui zito la nazi vinafanya kazi hiyo, na managu ya karanga ni chakula ambacho mgeni wa maziwa haulizii maziwa. Kwa mayai, tazama kama kanuni ya mbegu imeelezwa: kijiko kikubwa kimoja cha chia iliyosagwa na vijiko vitatu vya maji, kwa yai moja. Inashika keki na kababu. Haitengenezi povu, na mwandishi anayeahidi povu kutoka kwa chia hasemi kweli. Keki zenyewe huku juu huumuka upesi na kubonyea, kwa hiyo punguza kidogo baking powder ya kitabu.

Hatua ya 6: Kurasa za afya

Tafuta B12. Hakuna mmea unaoitoa kwa kutegemewa, kwa hiyo anayekula mimea tupu anahitaji vidonge au chakula kilichoongezwa vitamini hiyo. Kitabu kisichoitaja kabisa nakivumilia, kwa kuwa ni cha mapishi. Kitabu kinachosema utaipata kwenye spirulina nakikataa, maana kilichomo humo kwa sehemu kubwa ni cha kufanana nayo tu, mwili hauwezi kukitumia.

Angalia pia kama mapishi makuu yana jamii ya kunde ndani yake, au ni mboga juu ya wali peke yake. Shibe ya kabichi inaisha kabla ya saa tano asubuhi. Na kuhusu madini ya chuma: ndimu au nyanya mezani husaidia mwili kuyachukua kutoka kwa ndengu na mboga za majani, chai huyazuia. Chai isubiri kama saa moja baada ya mlo. Kwa mjamzito na mtoto mdogo, mwone mtaalamu wa lishe kliniki. Hilo haliamuliwi na kitabu, wala na mimi.

Hatua ya 7: Pika mapishi matatu

Katika wiki moja ya kazi, si Jumapili. Moja liwe la maharagwe au ndengu, moja la majani, moja la viazi au malenge. Andika pembeni kwa penseli saa uliyoteleka na saa mliyokula, na gharama. Siku ya pili onja kiporo, kwa sababu chakula cha kila siku ni lazima kiweze kubebwa kazini.

Kisha nenda tena kwa mama mboga bila kitabu. Kama unaweza kununua na kupika mojawapo ya yale matatu kwa kichwa, kibakize. Kama bado unahitaji kufungua ukurasa ili ujue kitunguu kinaingia lini, mpe mwenye hamu nacho, au kipeleke kwa wauza vitabu vya mitumba katikati ya jiji ukabadilishane na kingine, na kingine hicho ukianzishe hatua ya kwanza.