Sarafu ya shaba ya Bizanti (Dola ya Kirumi ya Mashariki): igeuze kwanza
Sarafu ikiwa imechakaa, achana na sura ya mfalme, soma upande wa nyuma. Herufi kubwa ya katikati ni thamani kwa tarakimu za Kigiriki: M ni numi (kipimo kidogo cha fedha hiyo) 40, K 20, I 10, E 5. Chini yake mara nyingi kuna kifupi cha mji ilikogongwa. CON ni Constantinople. Kuanzia 538 mfalme Justinian aliweka ANNO (yaani mwaka) kushoto na mwaka wa utawala wake kulia kwa tarakimu za Kirumi: XII ni 12, jumlisha 526, ni 538. Mulika tochi ya simu kutoka ubavuni, herufi zilizofifia zitaibuka vizuri sana. Njia hii ya kusoma upande wa nyuma hugoma kwa sarafu nyingi za mfalme Heraclius, zilizogongwa juu ya za zamani hadi maandishi yakapandana, na zile za karne ya 11 zenye sura ya Kristo bila jina la mfalme.