Kuendesha kipindi cha jioni cha watoto katika mitaa ya vyumba vya kupanga, Malindi

Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinataka masomo ya darasani katika shule za kutwa yaishe saa tisa na nusu, kisha hadi saa kumi na moja kasorobo iwe michezo na shughuli nyingine. Kule Maweni, Kisumu Ndogo au Muyeye, saa hizo za jioni mama bado yuko kazini, baba yuko baharini au kwenye mjengo, chumba kimetiwa kufuli na ufunguo ameachiwa jirani. Mwongozo huu ni wa kikundi kinachotaka kuwakusanya watoto 40 hivi wa gredi ya 1 hadi ya 6, siku tatu kwa wiki, katika ua mmoja wa mtaani. Msianze na zaidi ya 40. Hiyo ndiyo idadi inayowezwa na watu wazima wanne bila kupiga kelele.

Vikundi vingi huanza kwa kujiuliza vitafundisha nini. Hilo ni swali jepesi. Gumu ni saa: mtoto huyu anadaiwa na shule, na madrasa, na ndoo ya maji, na mdogo wake wa mgongoni, na wote walifika kabla yenu.

Tafuteni saa kwanza

Kabla ya kumwita mwalimu yeyote, zungukeni na daftari. Nendeni kwa ustadhi wa kila madrasa ya jirani, kwa viongozi wa makanisa, na kwa walimu wakuu wa shule mbili tatu ambazo watoto wa mtaa huenda. Ulizeni siku na saa tu. Madrasa nyingi za pwani hupumzika Alhamisi na Ijumaa, kwa hiyo hizo ndizo siku mbili za kushika mapema. Siku ya tatu mtapangiwa na mtaa wenyewe. Mkiweka kipindi juu ya saa ya madrasa, nusu ya watoto hawatakuja, na si ajabu mtaani kukaanza kusemwa kuwa mambo haya ni ya kanisa. Jina la namna hiyo likishashika, kulitoa ni kazi ya mwaka.

Alasiri huadhiniwa karibu na saa tisa na nusu. Magharibi huingia kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi, Oktoba na Novemba, na saa kumi na mbili na dakika arobaini mwezi wa Februari. Pangeni kwa Novemba, msipange kwa Februari, la sivyo kila mwisho wa mwaka watoto watakuwa wakirudi nyumbani gizani. Ratiba inayokaa vizuri ni hii: lango hufunguliwa saa kumi kwa wanaowahi kutoka shule, watoto wananawa na kunywa uji hadi saa kumi na nusu, dakika 25 za kazi za shule, dakika 30 za kusoma, dakika 20 za michezo, na saa kumi na moja na dakika arobaini na tano mtoto wa mwisho awe ametoka.

Siku ya zamu ya maji bombani mahudhurio yataanguka. Msiwagombeze. Mwacheni mtoto ateke, aje akichelewa, na aandikwe.

Ua, ruhusa na daftari la lango

Ua mnaoutafuta uwe na kivuli, choo kinachofungika kwa ndani, na lango moja. Ukiwa na malango mawili, moja lifungwe saa za kipindi. Chumba cha chekechea, ukumbi wa madrasa au ua wa ploti vyote vyafaa, mradi mwenye mahali atie saini karatasi inayotaja siku, saa na nani atafagia. Makubaliano ya mdomo huvunjika siku mpangaji mmoja anapolalamika kelele.

Mjulisheni mzee wa mtaa, kisha chifu. Kikundi chenyewe kisajiliwe katika ofisi ya Maendeleo ya Jamii, chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, ambayo inataka wanachama wasiopungua kumi. Kila mtu mzima atakayekaa na watoto, hata mpishi, alete cheti cha tabia njema kutoka idara ya upelelezi wa jinai. Mtu akikasirika kwa kuulizwa cheti, mshukuruni na muagane naye hapo hapo. Sheria mbili za ndani hazina msamaha: hakuna mtu mzima kukaa na mtoto mmoja mahali pasipoonekana, na kila kikao kiwe na mwanamke angalau mmoja. Nambari 116, ya bure, ya kuripoti dhuluma dhidi ya watoto, iandikwe ukutani kwa herufi kubwa, mahali ambapo mtoto ataisoma mwenyewe.

Fomu ya kila mtoto isizidi ukurasa mmoja: jina, umri, shule na gredi, jina la ploti na la msimamizi wake, simu mbili za nyumbani (moja mara nyingi haina chaji), siku za madrasa au kanisa, ugonjwa kama pumu au kifafa, na nani anaruhusiwa kumchukua. Chini yake mzazi atie saini mbili tofauti, moja ya kuhudhuria na moja ya picha. Anayekataa picha asibembelezwe.

Daftari la lango lina kazi moja, kujua nani yumo na nani ametoka. Mtoto akiingia, mpigieni mstari mmoja wa mshazari mbele ya jina lake. Akitoka, mstari huo ukatwe kwa wa pili, uwe msalaba. Ikifika saa kumi na moja na dakika hamsini, mstari wowote uliobaki peke yake ni mtoto ambaye hamjui aliko, na hakuna mtu mzima anayeondoka mpaka apatikane. Yule anayeshika kalamu asipewe kazi nyingine yoyote. Wengi humwongezea kugawa vikombe, na hapo ndipo daftari hujazwa kwa kukisia.

Uji, na kwa nini uje mwanzo

Uji ukitolewa mwisho, watoto watafika saa kumi na moja na robo, wanywe, waende zao. Ukitolewa mwanzo wanakuja mapema, na tumbo lililotulia husoma zaidi ya dakika kumi.

Kwa watoto 40, kila mmoja kikombe cha mililita 300, mnahitaji lita 12. Hiyo ni kilo 1.2 za unga wa wimbi uliochanganywa na mahindi, na gramu 600 za sukari. Chemsheni lita 9 za maji. Unga ukorogwe pembeni kwa lita 3 za maji baridi mpaka usibaki na donge, ndipo umiminwe polepole kwenye maji yanayochemka huku mwiko ukizunguka. Upikwe dakika 15 hadi 20 kwa moto mdogo. Ndimu mbili tatu zikamuliwe baada ya kuepua. Kosa la kawaida ni kuanza kupika saa kumi: lita 12 za uji wa moto hazipoi kwa dakika tano, na mtoto atajiunguza au atamwaga. Uwe umeepuliwa saa tisa na nusu na kugawanywa katika beseni mbili zilizofunikwa.

Maji ya siku nzima ni jerikeni nne za lita 20: moja ya kunywa, iliyochemshwa au kutiwa dawa, na tatu za kupikia, kunawa na kuosha vikombe. Visima vingi vya mjini vina chumvi, hivyo hakikisheni ya kunywa na ya uji ni ya bomba. Ndoo ya kunawia iwe na bomba lake, au tundikeni kibuyu chirizi karibu na choo, na sabuni ifungwe kwa kamba.

Kusoma: pangeni kwa kiwango, msipange kwa gredi

Hapa ndipo kipindi hupata au kukosa maana. Darasani mwalimu ana watoto wengi na silabasi ya kukimbiza. Nyinyi mna dakika 30 na mtoto wa gredi ya 5 ambaye huenda hajaweza kuunganisha silabi. Mkimkalisha na gredi ya 5 wenzake, atajifunza kuitikia kwa sauti ya kundi tu.

Wapimeni wote wiki ya kwanza, mmoja mmoja, kwa ngazi zile zile ambazo Uwezo, mradi wa kupima kusoma na hesabu kwa watoto, ulianza kuzitumia nyumba kwa nyumba nchini Kenya mwaka 2009: silabi, maneno, aya fupi, kisha hadithi ya kiwango cha gredi ya 2. Kila mtoto huchukua kama dakika tatu. Wapimaji wawili watamaliza 40 kwa saa moja, wakikaa mbali na kundi ili mtoto asiyeweza asichekwe. Akisoma silabi nne kati ya tano sawasawa, apande kwenye maneno. Akikosea zaidi ya mara tatu katika aya, kiwango chake ni maneno.

Angalieni mtego mmoja. Mtoto akipewa kadi yenye "ba, be, bi, bo, bu" ataimba yote macho yakiwa juu ya mwembe, kwa sababu anaijua kama wimbo. Changanyeni: "bo, ta, nyu, ki, mbe". Hapo ndipo mtajua. Silabi za "nga", "mbe", "ndo" na "nyu" ndizo huwakwamisha wengi. Andikeni kadi za maneno ambayo mtoto anayaona kila siku: ndoo, ngalawa, nyavu, mbuyu, muhogo. Anayezungumza Kigiriama nyumbani aelezwe maana kwa Kigiriama bila wasiwasi, mradi asome kwa Kiswahili.

Makundi manne, mikeka minne. Mkeka wa silabi apewe mwalimu bora mliye naye, asipewe kijana aliyeanza jana. Pimeni tena kila baada ya vikao 12, yaani wiki nne, na mtoto apande siku hiyo hiyo.

Kazi za shule ni mlango wa hatari. Dakika 25 zikiachwa wazi zitameza jioni yote. Saa ikigonga, madaftari hufungwa hata kama hesabu hazijaisha. Wekeni sanduku lenye manila, gundi, makasi kumi, rangi na katoni kuukuu, kwa sababu mitaala ya sasa huwatuma watoto nyumbani na orodha ya vitu vya kuunda, na mzazi hana pesa ya saiba kuchapisha picha.

Watoto wadogo na wasichana

Msichana wa gredi ya 5 asipoonekana siku mbili, mara nyingi kuna mtoto mchanga nyumbani. Tandikeni mkeka wa tano kivulini kwa wadogo wa miaka mitatu hadi mitano, wenye vifuu vya nazi, mchanga na vikombe, na mama mmoja wa zamu. Msiwape vifuniko vya soda wala kete, huishia mdomoni. Bila mkeka huu mtabaki na kipindi cha wavulana.

Kwa michezo, kati (ule wa kukwepa mpira) na kuruka kamba hazina gharama. Bao lichimbwe mchangani: safu nne za mashimo manane, komwe 64. Ni hesabu tupu, na wazee wa barazani watakuja kusahihisha bila kuitwa.

Watu, pesa na msimu

Mnahitaji walimu watatu na mpishi. Mmoja wa walimu ndiye hushika daftari la lango mpaka kusoma kuanze, kisha mama wa pili wa zamu, si yule wa mkeka wa wadogo, humpokea. Vijana waliomaliza kidato cha nne wanaosubiri chuo wanafaa sana, lakini wa bure kabisa huchoka mapema. Mkiweka shilingi 200 kwa kila mmoja kwa siku, muhula wa wiki 12 wenye vikao 36 ni shilingi 28,800. Unga wa muhula huo ni kilo 43 na ushei, sukari kilo 22. Hizo ndizo hesabu za kumpelekea mfadhili. Pesa zikae kwenye akaunti inayohitaji saini mbili.

Msitoze watoto. Hata shilingi kumi kwa wiki humfukuza yule yule mliyemlenga, na hatasema sababu. Mzazi achangie zamu: kuni, kuchota maji, kuosha vikombe.

Kusi likianza kuvuma Aprili, bahari huchafuka, masika huingia, na hoteli nyingi hupunguza wafanyakazi. Watoto hutumwa kuuza mabuyu na bajia. Miezi hiyo mtafute paa la mabati au ukumbi, na mtarajie mapengo kwenye daftari. Katika Ramadhani fupisheni kipindi kiishe saa kumi na moja, ondoeni mpira, na wadogo wasiofunga wanywe uji ndani. Wasichana wana futari ya kusaidia.

Malindi ni mji wa wageni, na watafika na kamera na peremende. Mgeni apokewe langoni na mtu wa kamati, aandikwe, asiachwe peke yake na mtoto, asipige picha. Zawadi zote zipitie kwa kamati, hata biskuti. Jambo likitia shaka, ofisi ya watoto ya kaunti ndogo na 116 wajulishwe siku hiyo hiyo, bila kikao cha kwanza cha kamati.

Likizo ikifika msikiite kipindi tusheni wala msiendeshe masomo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza masomo ya likizo. Bakini na michezo, bao na hadithi. Mkiwa na akiba, safari ya magofu ya Gede inatosha. Matatu ya abiria 14 ibebe watoto 12 na watu wazima wawili, kila gari na daftari lake la lango, na mistari ikatwe langoni mwa mtaa jioni, si pale Gede.