Meiosisi mezani: nyuzi, mkasi na vibanio vya nguo

Meiosisi ni mgawanyiko wa seli unaotengeneza gameti, yaani mayai na mbegu za kiume. Tafuta uzi wa kufumia wa rangi mbili: nyekundu ni kromosomu (nyuzi za DNA zinazobeba jeni) za mama, buluu za baba. Kwa kila rangi kata nyuzi mbili za sentimita 20 na mbili za sentimita 12. Nyuzi mbili zinazofanana zibane kwa kibanio kimoja cha nguo. Kibanio ndicho sentromia, mahali zinaposhikana. Nyuzi zake ni kromatidi pacha, yaani nakala zilizotengenezwa kabla seli haijaanza kugawanyika. Vibanio ni vinne, basi kromosomu ni nne. Hesabu vibanio, usihesabu nyuzi.

Laza ndefu nyekundu kando ya ndefu ya buluu, na fupi vivyo hivyo. Shika uzi mmoja mrefu wa kila rangi, kata sentimita 5 za mwisho, badilisha vipande, funga fundo. Vipande lazima vilingane. Kimoja kikizidi, kromatidi moja imepoteza jeni na nyingine imepata za ziada. Kubadilishana kati ya nyekundu na pacha wake ni kazi bure, hakuleti kipya.

Sasa mgawanyiko wa kwanza. Rusha sarafu iamue nyekundu ndefu iende kushoto au kulia. Mwenzake wa buluu aende upande wa pili. Jozi fupi irushie sarafu yake, kwa kuwa kila jozi hujipanga kivyake. Usifungue kibanio! Ukikifungua hapa umefanya mitosisi, mgawanyiko wa kawaida wa seli usiopunguza idadi ya kromosomu. Kila upande umebaki na vibanio viwili: idadi imeshapungua nusu.

Katika mgawanyiko wa pili hakuna uzi wa kuongeza, maana DNA hainakiliwi tena. Ondoa vibanio, tenganisha pacha. Unapata gameti nne, kila moja na uzi mrefu mmoja na mfupi mmoja, na hakuna mbili zinazofanana. Bila ule mkasi zingekuwa za aina mbili tu. (Kwa mwanamke moja tu huwa yai; nyingine ni vijiseli vinavyokufa.)

Sarafu peke yake, kwa jozi 2, hutoa michanganyiko 4. Kwa jozi 23 za binadamu ni 8,388,608.

Rudia, safari hii jozi ndefu nzima iende upande mmoja. Gameti mbili zitakuwa na nyuzi ndefu mbili, mbili hazitakuwa nao kabisa. Kwa namna hiyo, gameti yenye kromosomu ya 21 mara mbili ikiungana na ya kawaida, mtoto hupata kromosomu ya 21 mara tatu, jumla 47 badala ya 46, na kuzaliwa na hali ya Down. Mara nyingi kosa hutokea kwenye yai, ambalo huanza meiosisi mama mwenyewe akiwa bado tumboni, kisha husimama katikati kwa miaka mingi.