Kumfundisha dereva mpya wa mbio za pikipiki kupunguza mwendo baada ya kuvuka mstari

Wanafunzi wengi huja kwangu wakiwa tayari wanajua kukimbia. Kuvuta mafuta hakuhitaji mwalimu. Kinachowashinda ni zile mita mia kadhaa baada ya mstari wa kumalizia, na mimi huanzia hapo. Mwongozo huu ni wa mkufunzi aliyekabidhiwa dereva mpya kwenye njia iliyonyooka, iliyofungwa kwa ajili ya mbio.

Hatua ya 1: Mtembeze kwa miguu

Kabla injini haijawashwa, tembeeni kutoka mstari wa kumalizia hadi mwisho wa lami. Aone penye mchanga, nyufa, matuta madogo na mafuta yaliyomwagika, na upande ulipo mchepuko wa kutokea. Kisha achague alama tatu: pa kuanza kuachia mafuta, pa kuwa tayari ameshashika breki, na pa mwisho ambapo, kama bado ana kasi, anasahau mchepuko na kunyoosha moja kwa moja. Alama ziwe za kudumu. Mwanafunzi wangu mmoja alichagua gari lililoegeshwa pembeni. Alipokimbia mara ya tatu mwenye gari alikuwa ameshaondoka.

Mkiwa mnatembea, mpe hesabu. Kwenye kilomita 200 kwa saa anakula mita 55 kila sekunde. Akipunguza kwa nguvu ya wastani, tuseme mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde, kutoka kilomita 100 kwa saa atasimama ndani ya mita 77 hivi. Kutoka 200 atahitaji zaidi ya 300, na kutoka 300 karibu 700. Mwache ahesabu hatua zake mwenyewe mpaka hapo. Uso hubadilika.

Hatua ya 2: Kagua pikipiki

Pedi, diski, mafuta ya breki, upepo wa tairi, na mkono wa mafuta unaojirudisha wenyewe ukiuachia. Wenzo wa breki uwe mahali vidole vinapofika bila kunyooshwa. Basi.

Hatua ya 3: Mpangilio, pikipiki ikiwa imesimama

Apande, alale juu ya tangi, afumbe macho, afanye huku anasema kwa sauti.

Kwanza mafuta. Anaachia kwa kuhesabu moja, mbili, tatu. Akikata ghafla, uzito wote unaruka mbele, tairi la nyuma linakuwa jepesi, na injini inalivuta kana kwamba amekanyaga breki.

Pili mwili. Upepo ni breki ya bure, lakini breki hiyo humshika yeye kabla ya kuishika pikipiki. Zamani, nikiwa mgeni, niliinuka wima kwenye kilomita 220 hivi. Kichwa kilitupwa nyuma, mikono ikajining'iniza kwenye usukani, na usukani ukaanza kucheza kushoto kulia. Kwa hiyo magoti yanabana tangi kwanza, halafu kidevu kinapanda, halafu kifua, kidogo kidogo, viwiko vikiwa vimelegea.

Tatu breki. Vidole viwili vinagusa tu, shokapu za mbele zinakaa, ndipo vinakaza. Hapa pana jambo ambalo wengi hawaambiwi: usukani ukitikisika kwenye mwendo mkali, diski huweza kuzisukuma pedi nyuma, na mguso wa kwanza ukaenda mtupu hadi karibu na mshikio. Dereva asiyejua hudhani breki zimekufa. Mfundishe kuigusa breki mapema, mara moja au mbili, kabla hajaihitaji.

Gia huja mwisho, akizishusha moja moja, klachi ikiachiwa taratibu. Kwenye lami ya kawaida utaratibu huu unatosha. Kwenye uwanda wa chumvi, kama ule wa Bonneville kule Marekani, ardhi haishiki tairi kama lami, kwa hiyo breki ya mbele huachwa mpaka mwendo uwe mdogo kabisa, kazi ikifanywa na upepo, injini na breki ya nyuma.

Hatua ya 4: Mfundishe kutoyaamini macho yake

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi. Mtu aliyetoka 250 akifika 100 huona kama anatembea. Upepo umenyamaza, injini imetulia, naye anaukunja mchepuko kwa raha zote. Pikipiki inatoka nje.

Dawa ni kusoma, si kuhisi. Kama kuna spidomita, aitazame kabla ya kukunja. Kama kuna mshale wa mizunguko ya injini tu, kabla ya siku ya mbio akariri: gia ya pili, mizunguko kadhaa, ni kilomita ngapi.

Hatua ya 5: Panda ngazi

Anza na kilomita 80, kisha 120, kisha 160. Hapandi mpaka asimame kwenye alama ileile mara tatu mfululizo. Atanung'unika. Mwache anung'unike.

Hatua ya 6: Mambo yakiharibika

Mafuta yakinasa: klachi, kisha swichi ya kuzima injini. Mfanyishe mpaka kidole gumba kiijue swichi bila kutazama. Usukani ukicheza: mikono ilegee, magoti yabane, asikurupukie breki. Tairi likipasuka: mafuta taratibu, breki ya gurudumu lililo zima tu, na kwa upole. Akiwa na mwenzake njia ya pili, asivuke mbele yake hata kidogo mpaka amwone alipo.

Akirudi, nisimsikie akitaja kasi ya juu aliyofika. Swali langu la kwanza ni: uliingia mchepuko ukiwa na kilomita ngapi? Akisema hajui, tunarudi ngazi moja chini.