Grauti kilo ngapi? Pima mwanya kwanza

Jirani yangu wa Kisauni alikuwa amemaliza kubandikiwa taili za bafu. Fundi akamwambia anunue grauti, ule unga wa kujazia mianya kati ya taili, kilo tano, zikibaki ataziweka. Ataziweka wapi, na joto hili letu la pwani? Pakiti ya grauti ya simiti ikishafunguliwa, unyevu unaigandisha. Basi tukapiga hesabu, hivi:

Hatua ya 1: Eneo

Sakafu ni mita 2 kwa 1.5, yaani mita za mraba 3. Kuta zimebandikwa hadi kimo cha mita 2.1, ukitoa mlango wa sentimita 70, zinabaki mita za mraba 13.2. Sakafu na kuta zihesabu mbalimbali.

Hatua ya 2: Taili

Urefu, upana na unene, vyote kwa milimita. Mambo ya futi na inchi waachie wenye mbao. Unene upime kwenye kipande kilichokatwa. Za ukutani ni 250 kwa 400, unene 7; za chini ni 300 kwa 300, unene 8.

Hatua ya 3: Mwanya

Hapa ndipo hesabu za watu wengi huharibika. Wanauliza fundi katumia spesa za ngapi, wanaambiwa "za mbili", wanaandika 2. Spesa, kile kisalaba cha plastiki, hukaa chini kwenye gundi, na taili nyingi za bei ya kawaida zina ukingo uliolala kidogo, kwa hivyo juu mwanya ni mpana kuliko chini. Isitoshe, taili za boksi moja hazilingani sawasawa, na fundi husawazisha mistari kwa kupanua mianya.

Tepu ya fundi haifai kazi hii, mistari yake ni minene mno. Mimi hutumia biti za drili: ya milimita 2, ya 3, ya 4. Ingiza shina la biti kwenye mwanya. Inayoingia bila kucheza ndiyo kipimo chako. Pima sehemu nyingi, hasa karibu na mlango na nyuma ya choo ambako vipande vilikatwa, kisha chukua wastani. Kwa jirani, kuta za "mbili" zilikuwa 3 karibu kote. Hiyo milimita moja inaongeza grauti kwa nusu nzima.

Ukikuta gundi imepanda ndani ya mwanya, usipunguze hesabu. Ikwangue mpaka angalau theluthi mbili za unene wa taili ziwe wazi, la sivyo grauti itakuwa ngozi tu na itabanduka. Kona za ukuta na sakafu usizihesabu kabisa, hizo ni za silikoni.

Hatua ya 4: Hesabu

(urefu + upana) ÷ (urefu × upana) × unene × mwanya × 1.6 = kilo kwa kila mita ya mraba

Kuta: 650 ÷ 100,000 × 7 × 3 × 1.6 = 0.218. Mara 13.2, kilo 2.9.
Sakafu, mwanya 3: 600 ÷ 90,000 × 8 × 3 × 1.6 = 0.256. Mara 3, kilo 0.77.

Hiyo 1.6 ni ya grauti ya kawaida ya simiti. Pakiti ikiwa na jedwali lake, fuata jedwali.

Hatua ya 5: Kununua

Ongeza asilimia 15 ya kumwagika na kubaki ndooni: kuta 3.3, sakafu 0.9. Kwa pakiti za kilo moja, nne nyeupe za kuta na moja ya kijivu ya sakafu. Ndiyo, zimefika tano kama alivyosema fundi, ila yeye alitaka zote nyeupe, na nyeupe sakafuni bafuni ni kujitafutia kazi ya kusugua.

Nunua zote siku moja na uangalie namba ya toleo ifanane, maana rangi hutofautiana. Maji ya kuchanganyia yawe matamu, hata kama ni ya kununua mtungi mmoja kwa mkokoteni. Ya kisima chenye chumvi yatakuachia ukungu mweupe juu ya mistari yote.